Nyasi za bahari si mwani

Pwani yetu, chochote cha kijani kinachoyumba majini huitwa mwani. Si sawa. Nyasi za bahari zina mizizi ya kweli, huchanua na kuzaa mbegu chini ya maji. Mwani, kama ule unaolimwa Unguja, hauna mizizi wala maua.

Tazama anayeishi ndani ya nyasi za bahari: samaki mdogo wa jamii ya kikande, Acreichthys tomentosus, apatikanaye kuanzia Afrika Mashariki hadi Fiji. Hafiki hata shibiri moja. Ngozi yake ni ya kukwaruza, na hubadili rangi hadi afanane na majani yanayomzunguka, akawa haonekani kabisa. Nyasi zikang'olewa, hana pa kujificha, na mchanga ulioshikwa na mizizi husombwa na mawimbi.