Kinga za mapanga haziruhusu droni kupita juu ya watu

Katika makundi ya WhatsApp ya wapiga picha wa Arusha na Moshi huzunguka ujumbe usemao kwamba droni ya anayejifunza, ikishafungwa kinga za mapanga (fremu zinazozunguka rafadha za droni) za aina yoyote, inaweza kurushwa popote, hata juu ya wageni harusini. Si kweli.

Kinga nyingi huzunguka ubavu wa panga tu, huku juu na chini pakibaki wazi, na droni ikizimika hewani huanguka kwa uzito wake wote. Isitoshe, kinga huongeza uzito na kushika upepo, hivyo betri huisha mapema, hasa Arusha, iliyo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mota hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi.

Kuhakiki kama kinga inafaa ni rahisi. Toa betri, funga kinga iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo, kisha zungusha kila panga taratibu kwa kidole; likikwaruza, au kinga ikicheza, au ikiziba vihisi (sensa) vya chini ya droni, haifai. Mizani ya jikoni nayo itakuonyesha kwamba droni ya gramu 249, ikishafungwa kinga, imevuka gramu 250, kiwango ambacho sheria za nchi nyingi hukitumia kama mpaka kati ya droni ndogo na zenye masharti zaidi.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa ndani ya ukumbi, droni ikigusa ukuta polepole, kinga huokoa kweli mapanga na vidole. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma anazungumzia modeli gani.