Kompyuta Ndogo ya Mezani: Soma Namba Kabla ya Kuuliza Bei

Lile sanduku la chini ya meza, ambalo wengi huliita "CPU" ingawa CPU ni kipande kimoja tu ndani yake, ni kubwa mno kwa mtu anayeandika barua na kujaza hesabu za duka. Kompyuta ndogo za mezani, zenye ukubwa wa kitabu kinene, hufungwa hata nyuma ya skrini na kufanya kazi hiyohiyo.

Kwa kazi za ofisi, sanduku kubwa hula kama wati 75, ndogo kama 15. Tofauti ya wati 60 kwa saa 8, siku 26, ni uniti 12 na nusu kwa mwezi. Kwa mteja wa Luku (umeme wa kulipia kabla, Tanzania) anayepata uniti 28 hivi kwa shilingi 10,000, hiyo ni takribani shilingi 4,500. Kwa mashine moja ya nyumbani ni hela ya vocha, kwa hiyo muuzaji akikuambia itajilipa kwa umeme, mcheke kidogo. Faida utaiona umeme ukikatika: UPS (betri ya akiba) ileile itakushikilia zaidi ya mara mbili, ukahifadhi kazi yako bila kukimbizana.

Nyingi zilizoko madukani ni za mtumba: ThinkCentre Tiny za Lenovo, OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP. Tazama jina la prosesa, yaani ile CPU yenyewe. Katika i5-8500T, herufi T inaonyesha imeundwa kwa wati 35. I5-8500 isiyo na T ni 65. Ile 8 ya mwanzo ni kizazi, na hapo ndipo watu wanapoumia. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. i5-6500T ya bei poa nunua tu kama uko tayari kuweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Ukitaka mpya, zenye prosesa ya Intel N100 ya wati 6 zinatosha ofisini. Kuhariri video, hapana.

Halafu dai adapta yake. Kwa kuwa kompyuta hizi hazina pawasaplai (kifaa cha kugeuza umeme) ndani, baadhi ya wauzaji huziuza bila adapta, nawe unaokoteza ya laptopu. Linganisha volti, ampea na umbo la pini. Baadhi ya mashine zisipoitambua adapta hujipunguza kasi, na fundi atahangaika kutafuta virusi wiki nzima.