Je, wajua kwa nini uvimbe wa ubongo hung'aa chini ya mwanga wa buluu?

Uvimbe wa saratani ya ubongo uitwao glioma hauna ganda wala mpaka. Kingoni mwake, seli za saratani hujipenyeza katikati ya seli zenye afya, na chini ya taa nyeupe ya chumba cha upasuaji zote huonekana za rangi moja. Daktari akikata pungufu, ugonjwa hubaki. Akizidisha, huenda mgonjwa akaamka hawezi kusema au kuinua mkono.

Ndiyo maana mgonjwa mwenye glioma kali huweza kunyweshwa, kama saa 3 kabla ya kupewa dawa ya usingizi, kinywaji chenye dawa iitwayo 5-ALA, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Ajabu ni kwamba dawa hiyo yenyewe haing'ai. Ni malighafi ambayo mwili hujitengenezea kila siku ili kuunda hemu, ile sehemu ya damu inayoshika oksijeni. Kabla ya hemu kukamilika hupatikana kwanza protopofirini, kisha kimeng'enya huitia madini ya chuma. Katika seli za glioma kali hatua hiyo ya mwisho huzorota, hivyo protopofirini hurundikana humo, na hiyo ndiyo ing'aayo: ikimulikwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 400 hivi, hufyonza mwanga huo na kutoa mwekundu, wa nanomita 635 hivi.

Daktari hubadilisha taa ya hadubini yake, na uwanja wote wa upasuaji hugeuka buluu iliyokolea, kiini cha uvimbe kikiwaka wekundu na kingo, ambako seli zimetawanyika, zikififia kuwa za waridi. Katika utafiti wa Ujerumani ulioongozwa na Walter Stummer na kuchapishwa mwaka 2006, uvimbe ulioonekana kwenye picha za MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa 5-ALA, ilhali kwa waliopasuliwa kwa mwanga mweupe pekee ilikuwa asilimia 36. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2017.

Hata hivyo, utando mwembamba wa damu hutosha kuuficha mng'ao, na glioma za daraja la chini, yaani zisizo kali, mara nyingi haziwaki kabisa. Zaidi ya hayo, mwanga hauonyeshi kama sehemu inayong'aa ndiyo inayomwezesha mgonjwa kusema. Hilo daktari hulipima kwa umeme hafifu, pengine mgonjwa akiwa macho na akitaja majina ya vitu anavyoonyeshwa.