Livingstone ipi unayoitafuta?

Wiki iliyopita nilikuwa nasafisha faili la anwani za mteja wa hapa Dar (kazi yangu ni ramani na majina ya sehemu), nikakuta mahali pameandikwa "Livingstone" tu, basi, na programu ikachomeka pini Zambia. Kumbe mzigo ni wa duka la vitenge Kariakoo, mtaa wa Livingstone, pale unapokatana na Aggrey!

Wengi wanadhani jina limeanza na yule mmisionari, David Livingstone, aliyekutwa na mwandishi wa habari Stanley pale Ujiji 1871. Hapana, yeye alilirithi tu. Mwenye jina ni mtu anaitwa Leving, aliishi Scotland karne ya 12, makazi yake yakaitwa Livingston yaani kwa Leving, kama sisi tunavyosema Kwa Mtogole au Kwa Aziz Ali, mwenyewe hayupo siku nyingi ila kondakta bado anamuita kila siku. Kijiji kikazaa jina la ukoo, na jina hilo likamfikia David, halafu David naye akaachia jina mji wa Zambia ulioanzishwa 1905 karibu na maporomoko ya Victoria, ukawa makao makuu ya Northern Rhodesia (Zambia ya enzi za ukoloni) mpaka 1935. Na sisi tuna Milima ya Livingstone kule Ziwa Nyasa, Malawi wana Livingstonia.

Angalia herufi ya mwisho sasa. Mji wa Scotland hauna "e", wa Zambia unayo. Guatemala nako kuna Livingston, haina "e", na hiyo haimhusu David hata kidogo, ni ya Edward Livingston, mwanasheria wa Marekani. Herufi moja tu na umeshavuka bahari.

Kinachoniuma mimi ni Chuma na Susi, wasaidizi wa David safarini. David alifariki 1873 kijijini kwa Chitambo, moyo wake ukazikwa hukohuko, hawa na wenzao wakaubeba mwili miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwenye ramani zote nilizofanyia kazi sijakutana na mji unaoitwa kwa jina lao.

Kwa hiyo wadau mkijaza anwani wekeni na kata na njia panda ya karibu, jina peke yake halitoshi. Ile ya mteja nimeandika "Livingstone na Aggrey, Kariakoo", pini ikarudi Dar, na mzigo ukafika kabla ya saa sita.