Mdomo umekufa ganzi, jino bado

"Ganzi haishiki, ongeza dawa." Hii kauli nimeisikia mno, kwa wagonjwa na kwa wenzangu wa tiba ya meno pia. Dawa si dhaifu. Lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini inatosha kung'oa karibu jino lolote, mradi ifike kwenye neva na ipewe muda. Na kuongeza kuna kikomo: katriji (kichupa cha dawa) ya mililita 1.8 ina miligramu 36, na kwa mtoto wa kilo 20 ukifuata kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, katriji mbili na nusu tayari umezidisha.

Choma polepole, kama mililita moja kwa dakika. Dawa ikisukumwa kwa nguvu, nyama inavutika na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Vuta bomba kwanza uone kama hujaingia kwenye mshipa wa damu. Haya mnayajua.

Kinachonikera ni mdomo. Mgonjwa wa gego la chini akisema mdomo umekuwa mzito, koleo linashikwa papo hapo. Jamani! Mdomo mzito unakuambia dawa imefika jirani na neva, basi. Fizi ya upande wa shavu ina neva yake, ambayo sindano ya taya la chini haikuigusa. Chukua ncha ya probu, kile kijiti chembamba cha kupimia fizi, izamishe kati ya fizi na jino, upande wa shavu kisha wa ulimi, huku ukimtazama mgonjwa machoni. Akikunja uso, bado.

Mdomo usipokufa kabisa, huenda ulichoma chini mno: rudia, lakini panda juu kidogo. Mdomo umekufa na jino linauma? Kurudia palepale hakusaidii sana; weka artikaini, dawa nyingine ya ganzi, kwenye fizi ya shavuni, au choma kati ya jino na mfupa.

Kuhusu jino lenye uvimbe, vitabu husema asidi ya usaha huizuia dawa kupenya kwenye neva. Sawa, ukichoma karibu na usaha. Lakini sindano ya taya la chini tunaichoma nyuma kabisa, kwenye nyama nzima, na bado inashindwa mara nyingi zaidi jino likiwa limewaka. Asidi hailielezi hilo. Wapo wanaosema neva yenyewe hubadilika, milango yake ya sodiamu, inayopitisha ishara ya maumivu, ikawa migumu kufungwa na lidokaini. Naelemea huko, ingawa ubishi haujaisha.

Mgonjwa atahisi kusukumwa, mwambie mapema. Akisema "inauma", lakini, ni maumivu. Acha kumwita mwoga, weka koleo chini, upime fizi upya.