Kung'oa thamostati siyo dawa ya gari kuchemsha
Huku Mtwara gari ikichemsha tu unapanda Newala, fundi anakwambia toa thamostati (kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), eti kwetu ni joto, haina kazi. Siyo kweli jamani. Ile kitu inafunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, joto la Mtwara halifiki hata nusu yake, sasa ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inajua bado ni ya baridi inazidi kumwaga mafuta, ndo unaona gari inakunywa balaa na ikisimama inatetemeka. Cheki kwanza maji, feni, rejeta kuziba (nyie mnaojaza maji ya kisima yenye chumvi mnajijua). Ikichemsha huku inamisi (injini inakatakata), moshi mweupe, maji yanapungua bila kuvuja, hapo shuku gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini). Thamostati yenyewe itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, isipofunguka nunua nyingine.