Je, wajua kwa nini mashua iliyotoka kwa fundi huvuja siku ya kwanza?

Hii ilinishangaza miaka na miaka. Mashua imekaa juu mchangani mwezi mzima, fundi kamaliza kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, inashushwa maji yakijaa, halafu nusu saa tu ndani maji yako vifundoni na mwenyewe wala hana habari, kaketi pwani anakunywa kahawa tungu. Mimi ningekuwa nishamtafuta huyo fundi anirudishie pesa zangu!

Kumbe siri iko kwa mbao. Ubao ukikaa juani unakauka unasinyaa, na hausinyai urefu, unasinyaa upana, kwa hivyo nafasi kati ya ubao na ubao zinafunguka. Ukirudi majini unakunywa maji unafura, mbao zinabanana zenyewe mpaka maji yanakosa njia. Siku moja, mbili, kama imekauka sana hata zaidi, ndo mashua inatulia.

Sasa wengi wanadhani pamba ndo inazuia maji. Nusu kweli. Fundi anachovya nyuzi za pamba kwa mafuta anazishindilia kwa patasi butu, na hapo ndo utamjua fundi na mbabaishaji, manake mbabaishaji akiona uwazi mkubwa atajaza pamba mpaka basi, ama amwage gundi ya kukauka kama jiwe. Mbao zikifura zitafura ziende wapi? Zinasukumana mpaka misumari inalegea na mataruma, zile mbavu za mashua, yanapasuka. Pamba ya kiasi inakubali kubanwa. Chini ya mashua zamani ilipakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, kwa ajili ya yule mdudu anayetoboa mbao, watu humwita mnyoo na kumbe ni jamaa ya chaza, siku hizi wengi wanapaka rangi ya dukani tu.

Kwa hivyo ukitaka kuvuka kwenda Pemba, kama kilomita 90 kutoka hapa Mombasa, na ule mkondo wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima yaani unakurudisha ulikotoka, huwezi kuondoka na mashua iliyoshuka asubuhi hiyohiyo. Iache ilale majini, uikumbe maji yaliyoingia, ilale tena. Huku ndani kwenye mlango wa bahari imetulia, lakini nje mawimbi yanainyonga na kitundu kidogo kinakuwa kikubwa. Laifu jaketi, redio ya VHF chaneli 16, mafuta ya akiba, hayo kila mtu anakumbuka, ila kopo la kukumbia maji utakuta limesahauliwa nyumbani.

Na asubuhi ya safari nahodha anayejua kazi yake anashuka kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya mashua maji yanapokusanyika, anachovya kidole, anaramba. Maji hayana chumvi? Hiyo ni mvua ya usiku, anayakumba anatweka tanga. Yana chumvi, basi ni bahari inaingia, hakuna safari leo, hata kama watu washapakia mizigo.